Gramafoni za mume wangu zimetwaa zidaka za nyumba yangu. Nifanyeje?

SWALI

Bi Mshauri, assalaam alaykum wa rahmatullah.

Mimi ni mkaaji wa Mkomani, Lamu. Nyumba tunayokaa ni ile niliyopewa na marehemu baba yangu nilipoolewa, kwa desturi ya wenyeji wa mji huu ya kumpa binti mahali pa kuishi na mumewe. Mume wangu ni mtu wa heshima na hatujapata kugombana kwa jambo kubwa, lakini tangu astaafu ualimu ameingiwa na mapenzi ya gramafoni za zamani, na mapenzi hayo yameniondolea raha ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Gramafoni ya kwanza haikununuliwa. Ilikuwa ya babu yangu mzaa mama, ya sanduku jeusi linalofungwa na kubebwa kwa mkono, na ilikuwa imekaa uvunguni mwa kitanda pamoja na sahani zake za nyimbo tangu babu afariki. Mume wangu aliitoa, akaipangusa, akaitia ufunguo, ikazunguka na kuimba. Siku ile nililia, kwa sababu nilikuwa sijaisikia tangu utotoni. Baada ya hapo akaanza kutafuta nyingine, na sasa zimefika 11. Baadhi amezipata Mombasa, baadhi Malindi, na nyingine huletewa na watu wanaojua kwamba yeye hakatai. Mbili zina pembe kubwa za nje, moja haina sinia la kuzungushia sahani bali hutiwa mtungi wa nta, yaani bomba fupi la nta lililorekodiwa wimbo, na zilizobaki ni masanduku ya kila namna, mengine mabovu kabisa. Zimejaa sabule, yaani chumba cha wageni, zimejaa msana, yaani ukumbi wa mbele, na mwaka huu zimeingia ndani, kile chumba chetu cha faragha. Vyombo vya kichina vya bibi yangu, ambavyo vilikuwa katika zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, tangu kabla sijazaliwa, amevishusha na kuvifunga katika kasha, na mahali pake amepanga vichwa vya gramafoni vinavyoshika sindano, vikebe vya sindano na mipini. Juzi nilikuta sindano zilizokwisha kutumika zimetiwa katika bakuli moja la kichina lililokuwa limebaki nje. Niliposema, alinijibu kwamba zidaka zilijengwa kwa ajili ya kuonyeshea vitu vya thamani, na kwamba hivi navyo ni vya thamani.

Pamoja na hayo, vitu vyenyewe vinaharibika. Kila baada ya masika kutu huzidi, na sahani huota ukungu mweupe. Mwaka jana alinunua kwa Sh40,000 gramafoni yenye pembe ya shaba kutoka kwa muuzaji mmoja wa Malindi aliyemwambia kwamba ni ya mwaka 1905. Ndugu yangu alipoiona alisema kwamba hiyo ni mpya, mume wangu akachukia, na mpaka leo hawazungumzi vizuri. Binti yetu naye aliweka sahani ya taarabu ya miaka ya 1970 katika mojawapo ya mashine hizo, na tangu siku hiyo sahani ile haitoi ila mkwaruzo. Sasa mwenye nyumba moja ya wageni huko Shela ametaka kuinunua gramafoni ya babu yangu aiweke mahali anapopokelea wageni. Bei yake ni nzuri, nasi tuna harusi ya binti huyo Mfungo Mosi. Mume wangu hataki hata kulisikia jambo hilo, ilhali sanduku ni la babu yangu, si lake.

Naomba unieleze kama nina haki ya kumwambia aziondoe, kama kweli vitu hivi vinaweza kutunzika katika mji ulio baharini, na kama niuze au nisiuze.

Mwenye Nyumba, Mkomani

JIBU

Wa alaykum salaam, dada yangu. Nitaanza na zidaka, kwa sababu naona hapo ndipo ulipoumia zaidi, ingawa umezitaja katikati ya barua kana kwamba ni jambo dogo.

Zidaka ni zako. Nyumba umepewa na baba yako, vyombo vya kichina ni urithi wa upande wako, na mume anayekuja kukaa katika nyumba ya mkewe, kama walivyofanya wanaume wengi wa Lamu kabla yake, ana haki ya kuwa na mahali pake pa heshima, lakini hana ruhusa ya kuupangua ukuta wa ndani bila ya kuuliza. Mwambie hivyo mkiwa wawili, kwa upole, wala usimwambie mbele ya ndugu yako aliyekwisha kumtia uchungu. Vyombo virudi mahali pake kabla ya harusi, maana wageni wa kike watakaoingia ndani siku hiyo watautazama ukuta ule kwanza, na binti yako anastahili kuolewa katika nyumba iliyo kamili. Bakuli lile lioshwe kwa maji ya vuguvugu, kisha ulikague kwa kidole taratibu, kwa kuwa ncha ya sindano ya chuma huweza kuikwaruza rangi ya kauri iliyopakwa juu ya ung'avu wake, na chuma chenye unyevu huacha doa la kutu lisilotoka kwa urahisi.

Unaweza pia kumweleza, naye kwa kuwa anavipenda vitu hivyo atasikia, kwamba kidaka ni mahali pabaya pa kuwekea chuma. Kuta zetu ni za matumbawe na chokaa, hunyonya unyevu na chumvi na kuvitoa polepole mwaka mzima. Kauri haidhuriki na jambo hilo, lakini kichwa cha gramafoni kina kiwambo chembamba cha ulanga au cha aluminiamu kilichoshikwa na mipira midogo pembeni, kina springi ndogo na skrubu za chuma, na kikiegemezwa katika chokaa kwa misimu miwili mitatu hushikamana kikawa hakitoi sauti. Kwa hiyo anapovitoa vichwa hivyo katika zidaka anaviokoa pia.

Baada ya kusema hayo, nakuomba usiyaite mapenzi yake wazimu, hata moyoni. Wewe mwenyewe ulilia uliposikia sanduku la babu yako. Mwaka 1928 kampuni ya gramafoni ya HMV (His Master's Voice) ilimchukua mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad na wenzake kutoka Unguja wakavuka bahari mpaka Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili, na sahani hizo zikanunuliwa katika miji ya pwani yetu. Watu wengi wa wakati ule walimsikia Siti kwa njia hiyo tu, kutoka katika sanduku la mtu mwenye uwezo kidogo, jirani wakikusanyika barazani. Masanduku ya kubeba, ambayo HMV ilianza kuyatoa kwa modeli 101 mwaka 1925 na modeli 102 mwaka 1931, hayakuhitaji umeme, yalitiwa ufunguo kwa mkono, na kwa hiyo yalifaa chomboni, shambani na katika nyumba kama za kwetu. Sanduku la babu yako ni sehemu ya historia hiyo. Hujaniambia ni sahani gani zilizokuwa pamoja nalo, na hilo ndilo jambo ambalo ningelitaka kulijua kuliko idadi ya mashine. Keti na mume wako jioni moja, mzitoe moja moja, na mwandike katika daftari jina la kampuni, nambari iliyo katika karatasi ya katikati, jina la mwimbaji na hali ya sahani. Ikiwa miongoni mwake mna za Kiswahili za miaka ya 1920 na 1930, basi mnacho kitu ambacho pembe za shaba zote za Malindi hazikifikii kwa thamani, na mashine nyingine zitaanza kuonekana kwa kipimo chake cha haki.

Sasa niiseme hiyo ya Sh40,000. Siwezi kuihukumu bila ya kuiona, na pembe ya shaba peke yake si dalili ya ughushi, kwa sababu gramafoni za mwanzo wa karne ya 20 zilikuwa na pembe za namna nyingi: za bati lililopakwa rangi, za mbao na za shaba pia. Lakini India kuna mafundi wanaounganisha mota za masanduku ya zamani na visanduku vipya na pembe mpya, na kazi zao huuzwa kwa watalii mahali pengi duniani. Ziko dalili zake. Tazameni kwanza skrubu: zile zenye alama ya msalaba kichwani zilianza kuenea katika miaka ya 1930, kwa hiyo mashine isemwayo kuwa ya 1905 ikiwa imefungwa kwa skrubu hizo, ama imetengenezwa upya au mtu ameibadilisha. Kisha tazameni kiwiko kinachoishika pembe na mkono unaobeba uzito wake kwa nyuma. Katika mashine za kughushi huwa ni kipande kinene cha shaba kilichomiminwa bila ya umaridadi, na pembe hulegalega. Kisanduku chenye pande nane, chenye mbao zilizotiwa rangi nyekundu nzito na kibandiko kipya kinachong'aa cha yule mbwa wa nembo ya HMV, kinatia shaka zaidi. Mwisho inueni sinia na mtazame mota. Ikiwa ni ndogo, ya aina iliyomo katika masanduku ya kubeba, basi jibu mmekwisha kulipata.

Huyo mbwa, kwa kuwa nimemtaja, aliitwa Nipper, na picha yake ilichorwa na Francis Barraud wa Uingereza akisikiliza fonografu ya mtungi. Mwaka 1899 kampuni ya gramafoni iliinunua picha hiyo kwa sharti kwamba mchoraji aifute mashine ya mtungi na kuchora juu yake gramafoni ya sahani. Mwambie mume wako, kwa sababu anazo mashine za aina zote mbili na ataona raha kuyaeleza hayo kwa wageni.

Ikithibitika kwamba ya Malindi ni ya kughushi, usimtie aibu. Fedha zimekwenda, na ndugu yako hana haja ya kutangaziwa. Iwekeni katika daka la mlangoni kama pambo, au iuzeni, kwa sharti kwamba mnunuzi aambiwe waziwazi ni kitu gani. Kuiuza kwa maneno yale yale aliyouziwa ni dhuluma, na najua mume wako hatalikubali hilo.

Umeuliza kama vitu hivi vinaweza kutunzika baharini. Vinaweza, ila kwa kazi, na kazi hiyo ndiyo itakayowaambia ni vingapi mnavyoweza kuwa navyo.

Adui mkubwa hapa ni chumvi. Upepo wa kusi na wa kaskazi yote miwili huileta, na chumvi huvuta maji kutoka hewani, kwa hiyo chuma chenye chumvi hubaki na utando wa unyevu hata siku ambayo mkono wako hauhisi chochote. Sehemu nyingi zinazong'aa katika gramafoni ni chuma au shaba iliyopakwa nikeli nyembamba, na chumvi ikipata tundu dogo hupita chini yake ikainua nikeli vipande vipande. Dawa yake ni kupangusa mara kwa mara kwa kitambaa cha pamba kilichokauka, kisha kupaka nta safi kidogo sana na kuisugua mpaka isionekane. Asitumie kamwe dawa za kung'arishia shaba juu ya nikeli, na asitumie ukwaju wala ndimu, ambavyo bibi zetu walivisugulia masinia na birika wakavifanya ving'ae kama dhahabu. Masinia yale yalikuwa shaba nene mpaka ndani. Hapa kuna ngozi nyembamba tu, na tindikali ya ukwaju huimaliza. Viko pia vipande vya aloi ya zinki, hasa katika mikono na vishikio, ambavyo kwa uzee huvimba na kupasuka vyenyewe. Hivyo visilazimishwe kufunguka, maana hukatika mkononi.

Mashine ziwekwe ghorofani, si chini, kwa sababu vyumba vya chini katika nyumba zetu vina unyevu zaidi. Ziwe mbali na ukuta kwa upana wa kiganja ili hewa ipite, juu ya meza au rafu na si juu ya sakafu ya chokaa. Zisikae mahali ambapo jua la alasiri linaingia kutoka kiwandani, yaani uani. Za kufungwa zifungwe zikiwa zimekauka, na ndani yake mtie vile vijifuko vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja katika maboksi ya viatu na kamera. Zifunikwe kwa kanga kuukuu iliyofuliwa, wala zisifunikwe kwa plastiki, kwa sababu plastiki hufungia unyevu ndani na kuuzidisha. Kila anapopangusa, aligeuze sanduku alitazame chini: akiona vitundu vidogo na unga mpya wa mbao, wadudu wamo, na sanduku hilo litengwe siku hiyo hiyo kabla halijaambukiza milango yako na boriti zako. Huu si wasiwasi mdogo. Anaponunua sanduku bovu kutoka kwa mtu asiyemjua na kuliingiza moja kwa moja msanani, huenda anaingiza wadudu hao katika nyumba ya baba yako.

Sahani nazo zina adabu yake. Zile za zamani zinazozunguka mara 78 kwa dakika hazikutengenezwa kwa plastiki. Ni mchanganyiko wa shelaki, yaani utomvu mgumu unaotolewa na wadudu wadogo wanaoishi juu ya miti ya India na nchi jirani, pamoja na unga wa mawe na masizi. Ndiyo ile ile ambayo mafundi wa samani huiyeyusha katika spiriti na kung'arishia viti. Kwa hiyo spiriti, pafyumu na dawa ya kusafishia mikono huiyeyusha sahani, na mtu anayetaka kuondoa ukungu kwa spiriti ataondoa na wimbo. Ukungu uondolewe kwanza nje ya nyumba kwa brashi laini, kufuata duara la mifereji, pua ikiwa imefunikwa. Kisha upitishwe kitambaa kilichochovywa katika maji yenye tone la sabuni isiyo kali na kukamuliwa sana, bila ya kugusa karatasi ya katikati, ukafuatwa na kingine cha maji matupu, halafu sahani ikaushwe kivulini. Zihifadhiwe zikiwa zimesimama wima katika mifuko ya karatasi, zikisaidiana zisiiname, na kasha lililotiwa vigawanyo ndani linafaa sana kwa kazi hiyo. Zikilazwa moja juu ya nyingine, ya chini hupasuka, na joto huzikunja.

Kwa habari ya sindano, namwandikia yeye kupitia kwako. Sindano ya chuma hutumika kwa upande mmoja tu wa sahani, kisha hutupwa. Unga wa mawe uliomo katika sahani uliwekwa hivyo ili uisage sindano katika mizunguko ya mwanzo mpaka ncha ichukue umbo la mfereji, na upande mmoja wa sahani ya inchi 10, ambao huimba kwa muda wa dakika tatu hivi, unatosha kuimaliza. Achukue moja kati ya zile zilizokuwa katika bakuli, aishike mbele ya dirisha na kuizungusha polepole: ataona ubavu wa ncha umekatwa bapa, na bapa hiyo ina kingo kali. Hizo ndizo zitakazouchimba mfereji wa sahani inayofuata. Kuziweka zilizotumika ni kukaribisha siku ambayo mtu atazitumia tena kwa kudhani ni mpya, kwa hiyo zitiwe katika kopo lenye kifuniko na kutupwa. Mpya bado zinatengenezwa na kuuzwa kwa vikebe. Tena sindano nyembamba hutoa sauti ndogo na nene hutoa sauti kubwa, na kwa kuwa mashine hizi hazina kitufe cha kupunguza sauti, basi kwa nyumba zetu zilizogusana kuta, ambamo jirani husikia hata kikohozi, nyembamba ndizo za kutumia. Wakati wa adhana isimame, jambo ambalo sina shaka analijua.

Sahani ya binti yako iliharibika kwa sababu ilikuwa ya plastiki. Sahani ndefu za mizunguko 33 zilianza kuuzwa mwaka 1948 na ndogo za mizunguko 45 mwaka 1949, na zote zina mifereji myembamba iliyokusudiwa sindano ndogo ya almasi au yakuti inayogusa kwa uzito mdogo sana. Kichwa cha gramafoni ya zamani ni kizito mara nyingi kuliko hapo na sindano yake ni ya chuma, kwa hiyo kililima mifereji yote kwa mara moja. Mtoto hana kosa, hakuambiwa. Sahani za taarabu za miaka ya 1960 na 1970 zitengwe katika sanduku lake, na zipigwe katika mashine ya umeme tu.

Na hizo za shelaki zenyewe, kila zinapopigwa kwa chuma hupungua kidogo. Zile zitakazoonekana kuwa za nadra zirekodiwe mapema kwa mashine ya umeme yenye mwendo wa 78 na sindano pana iliyotengenezwa kwa ajili yake, zihifadhiwe katika kompyuta na katika mahali pengine pa pili, kisha watoto na wajukuu wasikilize huko. Gramafoni ya babu iimbe siku za heshima kwa sahani za kawaida ambazo zipo nyingi.

Mota zinahitaji mafuta mepesi ya cherehani katika ekseli na katika kile kifaa chenye vizito vitatu kinachodhibiti mwendo. Grisi iliyomo ndani ya ngoma ya springi ikikauka, mashine hugonga au hurukaruka inapofunguka. Hapo asiifungue ngoma hiyo yeye mwenyewe. Springi hiyo ni utepe mrefu wa chuma uliobanwa kwa nguvu, ukiruka hukata vidole na kujeruhi uso. Kazi hiyo ni ya fundi wa saa au wa mashine mwenye mazoea nayo. Baada ya kusikiliza, aiache izunguke mpaka iishiwe na nguvu kabla ya kufungwa, ili springi isikae imekazwa miezi mingi.

Ile ya mtungi nitaisema kwa ufupi. Edison aliibuni fonografu mwaka 1877 na kampuni yake iliendelea kutoa mitungi mpaka 1929, wakati ambapo sahani zilikuwa zimekwisha kushinda soko. Mtungi wa nta hushikwa kwa kuingiza vidole viwili ndani na kuvitanua, bila ya kuugusa upande wa nje, na ukungu ukishaila nta, mtungi haurudi tena kuwa mzima. Kwa hewa ya Lamu mimi ningeliuweka mahali pakavu kuliko pote katika nyumba na kuupiga kwa nadra sana.

Sasa utaona kwa nini 11 ni nyingi. Mtu mmoja aliyestaafu anaweza kupangusa, kupaka nta, kukagua na kutia mafuta mashine nne au tano ipasavyo katika mji huu, na zilizozidi zitaoza mbele ya macho yake. Mwombe achague yeye mwenyewe, usimchagulie. Ningelimshauri abaki na sanduku la babu, ile ya mtungi, mashine moja ya pembe iliyo ya kweli, na moja au mbili zenye mota nzima. Zile mabovu azikusanye pamoja, atoe vipande vinavyofaa kuwa vipuri, na kilichobaki kitoke nyumbani. Sabule iwe yake kwa maonyesho hayo, maana ndicho chumba cha wageni na ndipo wanaume watakapoketi siku ya harusi. Msana ubaki wazi, na ndani parudi kuwa pako. Tangu hapo, ikiingia moja, moja itoke, na kila inayoingia ikae kwanza darini au dakani mpaka ithibitike kwamba haina wadudu.

Kuhusu mwenye nyumba ya wageni wa Shela, sikushauri umjibu ndiyo wala hapana wiki hii. Umesema sanduku ni la babu yako mzaa mama. Je, liligawanywa katika mirathi yake? Kama halikugawanywa, basi mama yako, wajomba zako na mama zako wadogo, au warithi wao, wana sehemu zao, na si wewe wala mume wako mwenye kuliuza peke yake. Ulizeni kwanza, na ikibidi mwendeni kwa kadhi awaeleze mafungu. Pia kabla ya kukubali bei yoyote, mwalikeni mtaalamu kutoka Makumbusho ya Lamu alitazame pamoja na sahani zake na lile daftari mtakaloandika, kwa kuwa mnunuzi akilichukua sanduku na sahani pamoja, huenda analipa bei ya sanduku na kupewa sahani za bure. Moyo wangu unaelekea upande wa mume wako katika hili moja: gramafoni itakayokaa mahali pa kupokelea wageni, mlangoni, ikipigwa na upepo wa bahari na kuguswa na kila apitaye, haitadumu. Kama fedha za harusi ndizo zinazokusukuma, uzeni kwanza zile mashine nyingine zilizo nzima, ambazo ni mali yake na hazina mrithi wa kuulizwa, na yeye ndiye aliyesema kwamba ni za thamani. Mwenye nyumba ya wageni anaweza kuoneshwa hizo. Huenda ikawa mojawapo inamtosha, kwa sababu anachohitaji yeye ni pambo.

Warithi wakikubali wote liuzwe, na wewe ukaridhika, basi ziondoeni sahani kwanza mbaki nazo, mwandikieni mnunuzi risiti inayotaja sanduku na kichwa chake tu, na malipo yapokewe mbele ya mjomba mmoja.